Nashipae Hanywi

Benchi la nyuma kabisa, lile la karibu na mlango, lilikuwa la walevi, la wanaume waliooa mke wa pili kimyakimya, na la mabinti waliopata mimba kabla ya pete. Katika kanisa lile la mlimani, upande wa magharibi wa Meru, kila mtu alilijua benchi hilo. Mama mwenye mtoto anayelia alikuwa radhi kusimama nje kwenye umande kuliko kuketi pale. Na ndipo walipomkalisha Nashipae, mama wa watoto watano, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kuonja hata povu la pombe ya ndizi.

Basi akakaa. Lakini usidhani alikaa kinyonge. Alijiweka katikati ya benchi, mgongo wima, kitambaa cheupe kichwani, na wimbo ulipoanza aliimba kwa sauti iliyowafanya walio mbele wageuze shingo. Mlevi mmoja aliyekuwa kando yake, mzee wa watu asiye na neno na mtu, akamnong'oneza apunguze kidogo maana kichwa kinamgonga.

"Kunywa maji," Nashipae akamjibu, akaendelea na ubeti unaofuata.

Ukimtazama hivyo ungesema mambo kwake ni shwari. Hayakuwa shwari hata kidogo. Kwa kanuni za kanisa lile, mtu aliyetengwa hakusogelea Meza ya Bwana wala hakusimamia ubatizo wa mtoto wa mtu. Na akifa kabla hajarudi kundini, kengele haikupigwa. Mchungaji hakuja. Ndugu zake walimchimbia wenyewe migombani, wakamfukia, wakanawa mikono, yamekwisha. Nashipae alikuwa mgonjwa, tena wa kweli, na watu wazima wenye ugonjwa kama wake alikuwa amesikia wakizikwa. Je, aliogopa kufa? Aliogopa, kama wewe na mimi. Ila kufa huku watu wakisema "yule mke mlevi wa Meitamei," na watoto wake kubaki wakiitwa watoto wa mlevi, hilo lilimchoma zaidi ya kifo chenyewe. Alitaka kengele yake. Alitaka jina lake lirudi likiwa safi, na alitaka lirudi bila yeye kuliongopea.

Habari hii ilianza mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa, wakati watoto wa shule walipogawiwa vibendera na kupangwa barabarani mjini Arusha juani. Nashipae hakwenda kutazama. Alikuwa amelazwa, ubavu wa kulia ukimwuma kiasi cha kuuma shuka. Madaktari walisema mfuko wake wa nyongo umejaa vijiwe, na dawa yake ni kisu. Wakampasua, wakautoa mfuko pamoja na vijiwe vyake, wakamshona. Daktari mpasuaji alimwonyesha vile vijiwe kwenye sahani, vya kijani na vyeusi kama punje za mahindi yaliyoungua, akamwambia binadamu anaweza kuishi miaka mingi bila mfuko huo. Alikuwa mkweli. Nashipae akarudi nyumbani na kovu, na shukrani moyoni.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Resiato, amekwisha kuchinja kondoo.

Huyu Resiato, ambaye wote pale bomani walimwita Yeyo, yaani mama, alikuwa mwanamke wa ngozi na shanga. Wanawe walibatizwa mmoja baada ya mwingine, naye akawatazama tu kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani. Kanisa hakulichukia, ila hakuona amepungukiwa na nini bila hilo. Na alimpenda Nashipae. Wapo wakwe wanaopendana kwa adabu. Hawa walipendana kwa kelele, wakitaniana na kugombana juu ya kila kitu, kuanzia namna ya kupanga kuni mpaka jina la ndama.

Sasa kwa Waarusha, kabila lao hawa, mtu aliyeguswa na kisu hupewa mafuta. Mwanamke akijifungua, mafuta. Kijana akitoka jandoni, mafuta. Mkia wa kondoo mnono unayeyushwa taratibu, unatiwa kwenye kibuyu, na mgonjwa anakunywa yangali na uvuguvugu mpaka midomo ing'ae. Mafuta ndiyo yanayorudisha damu na kuziba jeraha, na zaidi ya hapo ni baraka ya mkono unaokupa. Yeyo hakumtuma mtu. Alivuka bonde mwenyewe kutoka nyumba yake ya ng'ambo, kibuyu kifuani chini ya ngozi kisipoe, akasimama mbele ya mke wa mwanawe mpaka tone la mwisho lishuke.

Haukupita muda mrefu maumivu yakarudi, na safari hii yalikuwa mengine. Hayakukaa ubavuni. Yalianza chini ya chembe cha moyo, yakapenya moja kwa moja mpaka mgongoni, kama mtu anayesukuma mpini wa jembe kutokea mbele. Nashipae hakuweza kulala chali. Nafuu pekee ilikuwa kuinama mbele na kukumbatia magoti, atapike, jasho limtoke, asubiri. Akawa anakonda huku anakula. Gauni zake zikaanza kumning'inia.

"Damu haijarudi," Yeyo akasema, akaenda kutafuta kondoo mwingine.

Ndipo ilipofika siku ambayo hali ilikuwa mbaya kabisa. Mzee Mika, mzee wa kanisa na mlinzi wa msitu wa serikali kule Olmotonyi, akaomba lori la Misitu limshushe Nashipae mjini. Meitamei, mumewe, alikuwa mbali na mifugo, kwa hiyo Mika mwenyewe ndiye aliyepanda naye. Nataka uelewe kwamba Mika alikuwa mtu mwema. Alikuwa mkali, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kama nyama ya Ijumaa Kuu, lakini hakuwahi kuchukua hata kijiti cha msitu ule kisichokuwa chake.

Walikwenda kwa daktari mmoja Mzungu aliyekuwa na chumba chake cha kutibia mjini, mtu mnene mwenye masharubu, aliyesema Kiswahili kile cha mashambani kwa masetla. Alimbonyeza Nashipae tumbo, akamtazama macho, akamuuliza:

"Wewe nakunywa pombe?"

"Sinywi, bwana."

"Mingi?"

"Nimesema sinywi. Hata kidogo. Mimi ni Mkristo."

Daktari akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia hadithi anayoijua mwisho wake. Akamgeukia Mika, kwa kuwa Mika alikuwa mwanamume na alivaa buti, akamweleza. Nyuma ya tumbo, alisema, kuna nyama inaitwa kongosho. Kazi yake ni kutoa maji ya kusagia chakula. La huyu mama limeharibika, badala ya kusaga chakula linajisaga lenyewe. Yeye ameona watu wengi wa namna hii, na wote ni kazi ya pombe. Wote wanasema hawanywi. Halafu akatoa amri zake mbili: kuanzia leo, hakuna pombe, na hakuna mafuta. Akampa dawa ya kutuliza maumivu, akaita mgonjwa mwingine.

Kwamba vijiwe vya nyongo navyo vinaweza kuteleza na kuliunguza kongosho muda mrefu kabla mtu hajafika kwenye kisu, na kwamba mfuko ukitolewa uharibifu hautoki nao, hilo daktari alilijua. Kovu alikuwa ameliona. Ila jibu la pombe lilikuwa karibu na mkono wake, naye alikuwa na wagonjwa wengi barazani.

Mika alirudi akiwa amepewa mambo mawili, na kichwani mwake alibeba moja tu. Pombe, hilo lilikuwa jambo zito, la dhambi na aibu. Mafuta? Nani amewahi kudhurika na mafuta? Yale maneno yalimpita kama upepo. Na nikuambie ukweli, yalimpita hata Nashipae. Alikuwa na hasira ya kuitwa mwongo, na alipokumbuka habari ya mafuta aliguna tu: hawa Wazungu wanaokula viazi vya kuchemsha, watajua nini? Jioni ile Yeyo alipokuja na kibuyu, alikunywa chote.

Mika alilipeleka neno kwenye baraza la wazee wa kanisa. Hakutia chumvi. Alisema alivyosikia: daktari amesema ugonjwa huu ni wa pombe, na mama huyu amekana. Mchungaji Anaeli, mtu wa upande wa pili wa mlima, mpole na mwenye kifua kibovu, akamwita Nashipae akamuuliza kwa upole kama ana la kuungama. Nashipae akasema hana. Akaulizwa tena, akasema hana, na kwamba hata akiulizwa mpaka kahawa iive jibu ni hilo. Wakamtenga, kwanza kwa ulevi, halafu kwa kiburi cha kukana.

Tangu hapo kila alipoanguka njiani, akainama na kukumbatia tumbo, watu walitazamana. Ameanza tena, walisema. Wapo waliosema wamenusa harufu. Wapo waliomtaja na mwuzaji. Watu hawakosi pua wanapoitaka. Na kwa kuwa kibuyu cha Yeyo hakikukoma, maumivu nayo hayakukoma, na kila yalipokuja yaliongeza shahidi mwingine wa ulevi wake.

"Mama Lengai, sema tu," mumewe alimwambia siku moja, wakiwa wamekaa uani wanapukuchua mahindi. Meitamei alikuwa na moyo laini. Ugomvi ulimtia homa. "Simama mbele, sema umekosa, wakusamehe. Dakika moja. Mungu si anajua?"

"Mungu anajua. Ndiyo maana siwezi."

"Watu wangapi wanasema pale mbele na hawamaanishi?"

"Hao wanasema walichofanya bila kujuta. Mimi unataka nijute ambacho sikufanya." Akamtupia gunzi kwenye kapu, karibu limpige goti. "Nikikuambia uende ukiri umeiba ng'ombe wa jirani ili jirani atulie, utakwenda?"

"Mimi sitaki uzikwe kama mbwa," Meitamei akasema, na sauti ikamkatika.

Nashipae akaacha kupukuchua. Alimwonea huruma. Hata yeye hakutaka. Lakini alipojaribu kichwani mwake kuyatamka yale maneno, nimekunywa, nimelewa, alijua kwamba hayatatoka kinywani mwake kamwe.

Mambo yalibadilika Yeyo alipokwenda Monduli kwa binti yake aliyejifungua. Alikaa huko muda mrefu, na pale nyumbani hakuna aliyeyeyusha mkia wa kondoo. Nashipae alikula ugali na mboga za majani, ndizi za kuchemsha, maharage. Siku zikapita. Akashtuka kwamba amepanda kwenye mahindi na kushuka bila kuinama. Akalala chali, jambo alilokuwa amelisahau ladha yake. Alidhani ni maombi. Yeyo akarudi, akafurahi kumwona, akamletea kibuyu siku hiyohiyo, na kabla jua halijazama Nashipae alikuwa sakafuni, paji la uso chini, anauma upindo wa kanga.

Hapo, akiwa sakafuni, ndipo lile neno la pili la daktari liliporudi masikioni mwake. Hakuna mafuta. Alicheka, na kucheka kukamuumiza, akazidi kucheka. Yule Mzungu alikuwa amemwita mwongo na kumwambia ukweli katika pumzi moja, naye kwa hasira ya lile la kwanza alikuwa amelitupa hili la pili.

Kesho yake alimsubiri Yeyo mlangoni. Aliinamisha kichwa kama ilivyo adabu, Yeyo akamgusa utosini, akatoa kibuyu.

"Yeyo, sitakunywa tena."

"Kimepoa?"

"Hakijapoa. Sitakunywa leo, wala kesho."

Kukataa mafuta ya mkono wa mama mkwe si sawa na kukataa chai. Ni kama kumwambia mkono wako una sumu, au baraka yako siitaki.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Daktari alikataza."

"Daktari yupi? Yule aliyekuita mlevi?" Yeyo akapaza sauti. "Msimu mzima unamwita mwongo, unapiga kelele mpaka ng'ombe wanasikia, na leo unamwamini? Anasema kweli kwangu tu?"

Jibu Nashipae alikuwa nalo, ila lilikuwa la kikatili: mafuta yako yananiua. Alitazama mikono ya yule mama, iliyoungua vidole kwa kushika sufuria ya moto kwa ajili yake, na hakuweza kulitoa. Alisema tena kwamba daktari alikataza. Yeyo akamwaga mafuta chini mbele ya mlango, yote, akavuka bonde bila kugeuka. Hakurudi tena. Salamu ilikuja kupitia watoto, kavu, halafu ikakoma nayo. Hiyo ndiyo kengele ya kwanza aliyoikosa Nashipae, na ilimliza kuliko ile ya kanisa.

Mwili ukapata nafuu. Sitakudanganya kwamba alipona. Kongosho lililoharibika halifufuki, na kuna siku yale maumivu yaliamka bila kuitwa, yakamkumbusha kwamba yapo. Alibaki mwembamba, akila kidogokidogo kama ndege. Lakini alisimama, alilima, na aliimba kwenye benchi lake la nyuma mpaka mlevi mwenzake akazoea.

Pasaka ilipokaribia, Mchungaji Anaeli alipanda mwenyewe hadi nyumbani, akikohoa kila kona. Alisema kuna Jumapili ya kuwapokea wanaorudi kundini. Hakuna maswali mengi. Watasimama mbele, kila mmoja ataje dhambi yake, kanisa litajibu, kisha watashiriki Meza ya Bwana pamoja na wengine.

"Utakuja mbele, mama?" akauliza.

"Nitakuja, Mchungaji," Nashipae akasema.

Mzee wa watu akafurahi, akanywa uji vikombe viwili. Meitamei naye akafurahi hata akashindwa kukaa. Alivuka bonde kwenda kumwambia mama yake kwamba mambo yameisha, mkewe anarudishwa. Nashipae hakumwambia mtu atakachosema. Wiki nzima alikuwa anayapanga maneno yake akichota maji, na hasa maswali mawili ya kumuuliza Mzee Mika mbele ya kanisa zima. Aliyajua majibu yake. Alijua pia Mika hawezi kusema uongo hata kwa kulazimishwa.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa hadi madirishani. Waliitwa mbele. Yule mlevi mwenzake alitangulia, akataja pombe yake kwa unyofu wa kupendeza, akapokewa. Akafuata mwanamume mmoja aliyempiga baba yake. Kisha Mchungaji akamgeukia Nashipae, akamwitikia kwa kichwa ili kumpa moyo.

"Mimi Nashipae sijanywa pombe," akasema. Sauti yake ya kuimbia ilifika mpaka nje. "Sijanywa nikiwa msichana, sijanywa nilipoolewa, sijanywa nilipougua. Nimekuja mbele kwa sababu huko nyuma hamnisikii."

Kanisa likavuta pumzi. Meitamei akafunika uso.

"Mama," Mchungaji akasema kwa chini, "hapa si mahali pake."

"Si mahali pake? Mlinitengea hapahapa, Mchungaji. Basi nami nasemea hapahapa. Aliyeniona na pombe mkononi asimame."

Hakusimama mtu. Wale waliokuwa na pua siku zile wote walikuwa na mafua.

"Mzee Mika," akaendelea, "nakuheshimu, shikamoo. Siku ile mjini, daktari alikupa mambo mangapi?"

Mika, aliyekuwa amesimama kando ya madhabahu, akafikiri. Uso wake ulibadilika kama wa mtu anayepekua mfuko na kukuta kitu alichokisahau.

"Mawili," akasema.

Sasa lilibaki swali la pili, na lilikuwa ulimini kabisa. Nashipae akainua macho ili alitoe kwa sauti, na ndipo alipomwona Yeyo. Alikuwa amesimama mlangoni, na ngozi yake na shanga zake, mkono kwenye mwimo. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amekasirika bado, ilionekana, lakini alikuwa amekuja kusikia watu hawa watamwambia nini mke wa mwanawe.

Kila mtu kanisani alijua kibuyu kilitoka mkono gani. Wote waliwahi kumpisha Yeyo njiani akivuka bonde na mafuta yake. Nikiuliza, Nashipae alijiambia, nitatoka hapa safi, na yule mama atatoka hapa akiwa ndiye mwuaji. Alikuwa na hasira na Yeyo kwa kuja, na Mika kwa kusahau, na daktari, na wote waliokuwa wamekaa pale na Biblia zao. Akameza lile swali. Lilishuka kwa shida.

"Yanatosha," akasema. "Sina la kuuliza tena. Nitarudi kwenye benchi langu, na nikifa mkanizike bila kengele. Lakini kwamba nimelewa, hilo sisemi. Sisemi leo na sisemi nikiwa kitandani nakata roho."

Akageuka, akaanza kurudi nyuma.

"La pili lilikuwa lipi?"

Ilikuwa sauti ya Yeyo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini mambo mawili aliyaelewa, na kimya cha Nashipae alikielewa vizuri zaidi. Alikuwa amemjua mwanamke yule kwa miaka mingi, hajawahi kumwona akiacha neno njiani. Akamuuliza Mika tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani, kama mkubwa anavyomuuliza mdogo.

Mika akainamisha kichwa. "Alisema asile mafuta, Yeyo. Mimi sikulileta hilo. Niliona si kitu."

Hakuna aliyekohoa, hata Mchungaji. Yeyo alisimama pale akihesabu mwenyewe moyoni, wakati ule alipokuwa Monduli, siku ile aliporudi. Halafu akatembea. Alipita katikati ya mabenchi, shanga zikigongana, akamkuta Nashipae njiani, akamshika mkono akamgeuza, wakaenda wote mpaka mbele.

"Ni mimi," aliwaambia. "Kila mlipomwona ameanguka mkasema pombe, alikuwa ametoka kunywa kwangu. Nilidhani ananidharau alipokataa. Kumbe alikuwa ananificha, na hata sasa amenificha." Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Basi kama lazima mtu akae kule nyuma, mtoeni huyu, mnitenge mimi."

Mchungaji Anaeli alivua miwani. "Bibi, wewe hatuwezi kukutenga. Hujabatizwa. Hujaingia bado."

"Basi niingizeni," Yeyo akasema, "halafu mnitoe!"

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Walicheka wanawake, wakacheka wanakwaya, na aliyecheka kuliko wote ni yule mlevi aliyepokewa sasa hivi. Nashipae naye akacheka, mkono kwenye kovu. Mika tu hakucheka. Alisogea karibu na Mchungaji, akamnong'oneza kwamba mama huyu arudishwe leo, na Mchungaji akatikisa kichwa, akafikiri, akasema wazee watakaa walizungumze jambo hili baada ya sikukuu.

"Kaeni," Nashipae akasema. "Mimi nimekaa vya kutosha."

Na walipoitwa wa Meza ya Bwana, alikwenda. Hakuitwa na mtu. Alipiga magoti kwenye mstari pamoja na wanawake wenzake, mikono wazi, na Yeyo akasimama nyuma yake, akiwa ameweka kiganja begani mwake, akiwatazama wazee wa kanisa mmoja mmoja kama anayemsubiri wa kuthubutu. Mchungaji alikuja na mkate, mtu kwa mtu, akafika mbele yake akasimama. Wimbo ulififia. Akamtazama yule mwanamke mwembamba asiyeinamisha macho, akamtazama mzee Mika, kisha akaweka mkate katika kiganja chake na kutamka maneno yake yote, bila kupunguza hata moja.

Nashipae akala. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Kisha kikombe kikaja, kikipita mdomo hadi mdomo, mpaka kikafika kwake, na harufu ya divai ikamfikia puani. Aliinamisha kichwa kwa heshima, kama anavyoinamishiwa mkubwa, lakini hakufungua kinywa.

"Mchungaji, Bwana wangu atanisamehe," akasema, taratibu, na walio karibu wote walisikia. "Pitisha. Mimi sinywi."